Lori Lilifeli Breki, Nani Awajibike? Mwongozo Kamili wa Dhima ya Ajali Zinazotokana na Matengenezo Mabovu

Ajali ya lori ikitokea, maneno mawili huenea kabla hata majeruhi hawajafika hospitali: "Breki zilifeli." Mashuhuda huyasema, wenye lori huyadaka, na familia za waliofariki huyapokea kana kwamba wameambiwa radi ilipiga. Lakini maneno hayo yanaeleza sekunde za mwisho tu. Nyuma yake mara nyingi kuna wiki au miezi ambayo mtu fulani alijua lori ni bovu, au alipaswa kujua, na bado akaliacha litoke getini.

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya familia hizo, kwa majeruhi, na kwa dereva aliyeachiwa lawama zote peke yake. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo wakili wa mahali ajali ilipotokea ni lazima. Hata hivyo, njia ya kumfikia mwenye dhima inafanana karibu kila mahali, na hatua zake za mwanzo ni za haraka mno kumsubiri wakili apatikane.

Unachotakiwa kuthibitisha

Katika kesi ya madai, mwathirika huonyesha kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu kwake, kwamba hakuutimiza, kwamba uzembe huo ndio ulioleta ajali, na kwamba yeye amepata hasara. Wajibu hausumbui: anayeweka lori barabarani ana wajibu kwa kila anayetumia barabara hiyo. Hasara nayo inaonekana. Vita viko katikati, kwenye uzembe wa matengenezo na uhusiano wake na ajali, na huko ndiko nguvu zako zote ziende.

Kesi ya jinai ni jambo jingine. Inaendeshwa na serikali, inahitaji uthibitisho usioacha shaka yoyote ya msingi, na mwisho wake ni adhabu. Kesi ya madai ni yako, inapimwa kwa uzito wa ushahidi wa pande mbili, na mwisho wake ni fidia. Mtu anaweza kuachiwa huru kwenye jinai na bado akaamriwa kulipa kwenye madai. Familia nyingi hukata tamaa zinaposikia mshtakiwa ameachiwa, kumbe mlango wa pili bado uko wazi.

Hatua ya kwanza: lori lisiguswe

Hii naiweka mbele ya zote kwa sababu ikikosewa hairekebishiki. Baada ya polisi kumaliza vipimo vyao, lori hurudishwa kwa mwenyewe. Ndani ya siku chache linaweza kuwa limetengenezwa, limeuzwa chuma chakavu, au limevunjwa spea. Hapo ushahidi wako wa breki umeyeyuka, na utabaki na picha za simu dhidi ya mtaalamu wa kampuni ya bima aliyelikagua lori mapema kuliko wewe.

Siku ileile, au kesho yake, mwandikieni mwenye lori na kampuni yake ya bima barua ya kuwataka wahifadhi ushahidi. Itaje namba ya kichwa na ya tela, tarehe na mahali pa ajali, na idai kwamba lori lisitengenezwe, lisihamishiwe kwa mtu mwingine wala kufunguliwa kifaa chochote mpaka mtaalamu wenu alione. Idai pia data ya kompyuta ya injini. Malori mengi ya kisasa huhifadhi mwendo, mzunguko wa injini na matumizi ya breki katika sekunde za kabla ya mgongano, na lori likiendelea kutumika kumbukumbu hiyo yaweza kufutwa na mpya. Pelekeni barua kwa njia inayoacha alama ya kupokelewa. Mkiona dalili za kuharibu ushahidi, wakili aombe amri ya mahakama ya kulizuia lori. Katika nchi nyingi, mdaiwa anayeharibu ushahidi baada ya kuonywa anaweza kuhukumiwa kana kwamba ushahidi huo ulikuwa dhidi yake.

Kwenye eneo la ajali, kama mna ndugu mwenye uwezo wa kufika, apige picha alama za matairi barabarani, vipande vya mpira, nati zilizoanguka, michirizi ya mafuta au maji. Apige kwa mbali kuonyesha mahali, kisha kwa karibu. Asiokote kitu bila polisi kujua.

Hatua ya pili: sikiliza chuma kinasema nini

Tafuteni mtaalamu wa magari makubwa asiye na uhusiano na kampuni ile wala gereji yake. Wewe huhitaji kuwa fundi, ila ukijua anatafuta nini hutadanganywa kirahisi.

Anza na breki. Malori makubwa hutumia breki za upepo, na mfumo huu umebuniwa ili upepo ukipungua kupita kiasi, springi kubwa zilizo ndani ya chemba (vyumba vya upepo vinavyosukuma breki) zikaze breki zenyewe. Kwa hiyo mtu akisema "upepo uliisha ghafla, lori likabaki bila breki kabisa," mwulize swali moja: springi zilikuwa wapi? Mara nyingine hukutwa zimevunjika siku nyingi, au fundi alizifunga kwa boliti ili lori litembee na tatizo lake. Mara nyingi zaidi, upepo ulikuwepo ila breki hazikuwa zimerekebishwa. Drami ya breki, yaani bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, ikipata moto kwenye mteremko mrefu hutanuka na kujitenga na lainingi, yale mabamba yanayoibana. Breki iliyorekebishwa vizuri ina nafasi ya kufuata. Iliyoachwa imelegea hufika mwisho wa mkono wake bila kubana. Mtaalamu hupima umbali ambao fimbo ya chemba inasafiri, gurudumu kwa gurudumu, na vipimo hivyo huonyesha kama ni gurudumu moja lililosahaulika au ni lori zima lililotelekezwa. Atatazama pia unene wa lainingi, nyufa na rangi ya kuungua kwenye drami, na kama breki za tela ziliunganishwa kweli.

Tairi nalo lina kumbukumbu. Pembeni mwake kuna tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2219 ni wiki ya 22 ya mwaka 2019. Tairi lililotembea muda mrefu na upepo mdogo huacha mikunjo na alama za joto upande wa ndani, tofauti kabisa na lililotobolewa na msumari dakika ile. Kina cha mitaro kinapimwa: kanuni za shirikisho za Marekani, kwa mfano, zinataka takriban milimita 3.2 kwa matairi ya mbele ya lori na 1.6 kwa mengine.

Gurudumu likichomoka, tazameni nati na boliti. Boliti iliyovunjika kwa kipigo kimoja ina uso mbichi, lakini iliyochoka taratibu kwa sababu nati zililegea huonyesha mistari inayofuatana, kama ile ambayo mawimbi huacha ufukweni. Matundu ya rimu yaliyopanuka na vumbi la kutu kuzunguka nati ni dalili kwamba ulegevu huo haukuanza siku ya ajali. Mtu aliyezunguka lori asubuhi na tochi angeuona.

Na ajali ikihusu lori lililosimama gizani bila taa, hifadhini balbu. Waya wa ndani ya balbu iliyokuwa inawaka wakati wa kugongwa huvutika kwa sababu ni wa moto, na ile iliyokuwa imezimwa huwa haivutiki hivyo. Asitokee mtu wa "kujaribu taa" kabla ya mtaalamu kufika.

Hatua ya tatu: dai makaratasi

Chuma kinasema lori lilikuwa bovu. Makaratasi yanasema nani alijua. Kwa maoni yangu, kesi hizi hushindwa au hushinda hapa, na bado ndipo watu wengi huchoka.

Kupitia wakili, ombeni kumbukumbu za matengenezo za angalau mwaka mmoja nyuma, kadi za kazi za gereji, risiti za spea, ripoti za ukaguzi za madereva kabla na baada ya safari, vyeti vya ukaguzi wa serikali, karatasi za mizani, mawasiliano kati ya dereva na anayepanga safari, na historia ya kukamatwa kwa lori lile barabarani. Nchini Marekani, Sehemu ya 396 ya kanuni za usalama wa malori inamtaka mwenye kampuni akague, atengeneze na atunze magari yake kwa utaratibu, aweke kumbukumbu hizo kwa mwaka mmoja, na kwa miezi sita baada ya gari kuondoka mikononi mwake. Ripoti za kila siku za madereva hutakiwa kuhifadhiwa miezi mitatu tu. Hesabu mwenyewe: familia ikikaa miezi minne kwenye msiba na matibabu bila kuandika barua, ripoti ambayo dereva aliandika "breki hafifu" inaweza kuwa imetupwa kihalali.

Someni kwa kulinganisha. Kadi inasema lainingi zilibadilishwa. Je, kuna risiti ya kuzinunua? Dereva aliripoti tatizo mara tatu mfululizo, kisha ripoti zikawa safi ghafla. Je, kuna fundi aliyelishika lori katikati? Fomu za mwezi mzima zimejazwa kwa kalamu ileile na mwandiko uleule. Ziliandikwa siku gani? Na lori lenye kazi nyingi lisilo na karatasi hata moja, hilo nalo ni ushahidi. Kampuni inayotengeneza magari yake kwa uaminifu huacha nyayo.

Hatua ya nne: taja wote wenye mkono

Usikimbilie kumshtaki dereva peke yake. Mara nyingi ndiye mwenye uwezo mdogo wa kulipa na mwenye nguvu ndogo zaidi katika uamuzi wa kutengeneza.

Mwenye kampuni ya usafirishaji huwajibika kwa njia mbili. Anabeba kosa la mfanyakazi wake alilolifanya kazini, na anabeba uzembe wake mwenyewe: kutokuwa na ratiba ya matengenezo, kubana fedha za spea, kulazimisha lori liingie safari. Mdai azitumie njia zote mbili, maana akishindwa kuthibitisha kosa la dereva, ya pili bado inasimama.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa mji wa Bath, Uingereza. Tarehe 9 Februari 2015 lori la kubeba kifusi liliteremka mlima breki zikiwa hazishiki, na watu wanne wakafa, mmoja wao mtoto wa miaka minne. Dereva alikuwa kijana wa miaka 19. Desemba 2016 juri, yaani jopo la raia wanaoamua kesi, lilimwachia huru, likawatia hatiani kwa kuua bila kukusudia mwenye kampuni na fundi aliyekuwa akilitunza lori. Mwezi uliofuata mwenye kampuni alifungwa miaka saba na nusu, fundi miaka mitano na miezi mitatu. Dhima iliwafuata wale waliokuwa na uwezo wa kulizuia lori lile lisitoke.

Gereji ya nje huwajibika ikitengeneza vibaya, au ikiona hatari na kunyamaza. Je, mwenye lori anapona akisema "nilimpelekea fundi"? Hapa mahakama za dunia zimegawanyika. Huko Uingereza, mwaka 1939, kipande cha gurudumu la lori kilichomoka kikamjeruhi mama aliyekuwa akitembea kando ya njia. Mahakama ilimwajibisha fundi aliyelitengeneza gurudumu na kumwachia mwenye lori, kwa kuwa alikuwa amelikabidhi kwa fundi anayeaminika. Mahakama Kuu Kabisa ya California mwaka 1968, katika kesi ya gari lililofeli breki, ilikwenda njia nyingine: wajibu wa kuwa na breki nzima haukabidhiki, na mwenye gari hulipa hata kama aliyekosea ni fundi, kisha wao wawili wamalizane. Muulizeni wakili wenu nchi yenu inafuata njia ipi. Jibu hilo ndilo linaloamua nani awe mdaiwa wa kwanza. Mpaka mpate jibu, wote wawili wawemo.

Wengine huachwa kwa kusahaulika. Mwenye tela huwa si mwenye kichwa, na breki mbovu zinaweza kuwa za tela. Mwenye mzigo aliyepakia kupita uwezo wa lori anaweza kuwajibika, hasa kama alisimamia upakiaji, kwa sababu breki zinazotosha kwa uzito halali zinaweza kuungua kwa uzito uliozidi. Aliyelikodisha lori, kituo kilichotoa cheti bila kukagua, na kiwanda ikiwa kifaa kilitoka na kasoro, nao waangaliwe. Mkitaka kuishtaki taasisi ya umma, ulizeni mapema kuhusu notisi (taarifa ya kusudio la kushtaki), maana muda wake huwa mfupi kuliko wa kawaida.

Tahadhari na jina la kwenye kadi ya gari. Lori linaweza kuandikwa jina la mtu asiye na chochote huku faida ikienda kwingine. Fuateni fedha: nani alilipa mafuta, nani alimpa dereva safari, nani alipokea malipo ya mzigo.

Hatua ya tano: unganisha ubovu na ajali

Lori kuwa na matairi vipara hakutoshi ikiwa ajali ilitokana na taa. Mtaalamu aeleze kwa hesabu: kwa mwendo ule, uzito ule na mteremko ule, breki nzima zingelisimamisha lori wapi? Kama lingesimama mita 15 kabla ya mahali pa kugongana, uhusiano umepatikana. Kama lingegonga vilevile ila kwa mwendo mdogo, bado kuna hoja kwamba majeraha yangekuwa mepesi.

Chanzo kinaweza kuwa zaidi ya kimoja. Dereva alikuwa anakimbiza na breki zilikuwa mbovu, yote mawili yanaingia, na mahakama hugawa lawama kwa kiwango. Msikubali kosa la mmoja litumike kumsafisha mwingine.

Hatua ya sita: jiandae kwa utetezi

Utetezi mkubwa ni "kasoro iliyofichika": kilichoharibika hakikuweza kuonekana kwa ukaguzi wa kawaida. Una uzito, lakini si ngao ya kila kitu. Katika kesi maarufu ya Bunge la Mabwana la Uingereza, lililokuwa wakati huo mahakama ya juu kabisa, iliyochapishwa mwaka 1970, lori lilifeli breki mteremkoni likaua mtu. Paipu ya mafuta ya breki ilikuwa imeliwa na kutu mahali pasipoonekana bila kuing'oa, na watengenezaji hawakuwa wameelekeza ing'olewe. Wenye lori walionyesha kwamba walilikagua kama kawaida. Wakashindwa, kwa wingi wa majaji. Sababu ni kwamba hawakueleza historia ya lori lile: lilibeba nini, lilipita wapi, kama lilikutana na chumvi au kemikali zinazokula chuma haraka. Anayedai hakuweza kujua, lazima afungue kitabu chote cha maisha ya lori lake. Wakili wenu aijue hoja hii.

Nyingine ni "lilipita ukaguzi." Cheti kinasema hali ya lori siku lilipokaguliwa. Lori linalotembea maelfu ya kilomita kwa mwezi linaweza kumaliza lainingi muda mrefu kabla cheti hakijaisha.

Kuna na ile ya "tairi lilipasuka tu, bahati mbaya." Mwaka 1950 mahakama hiyohiyo ya Bunge la Mabwana iliamua kesi ya basi lililoanguka baada ya tairi kupasuka. Tairi lilikuwa limedhoofika ndani kwa vipigo vya barabarani. Kampuni ililipa, kwa sababu haikuwa na utaratibu wa kuwataka madereva waripoti vipigo vikali ili tairi likaguliwe. Kosa lilikuwa kukosa utaratibu, hata kama hakuna mtu mmoja aliyeuona udhaifu huo kwa macho.

Wakidai mwathirika naye alichangia, mfano hakufunga mkanda, hilo kwa kawaida hupunguza fidia bila kuifuta. Zipo sehemu chache zinazoifuta kabisa, kwa hiyo ulizeni mapema.

Hatua ya saba: bima, muda na fidia

Afisa wa bima ya mwenye lori anaweza kufika mapema, akiwa mpole, na fomu mkononi. Msisaini chochote kinachosema "malipo ya mwisho" wakati madaktari hawajajua majeraha yataishia wapi. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo hajui mwezi wa kwanza atahitaji nini mwaka wa kumi. Msitoe pia maelezo ya kurekodiwa bila wakili.

Wekeni kila risiti: matibabu, usafiri wa kwenda kliniki, dawa, mazishi, mishahara iliyopotea, malipo ya anayemhudumia majeruhi. Mwandike pia kumbukumbu fupi ya kila wiki juu ya maumivu na kazi ambazo majeruhi hawezi tena kufanya. Kwa aliyefariki, andaeni uthibitisho wa waliomtegemea.

Muda wa kufungua kesi una ukomo, na ukipita haki yenyewe hufa. England muda wa kawaida kwa madai ya majeraha ni miaka mitatu. California ni miwili, na dhidi ya taasisi ya umma madai hupelekwa ndani ya miezi sita. Ulizeni wa kwenu wiki ya kwanza.

Kwa dereva

Wewe uliyekuwa kwenye usukani unaweza kuwa mshtakiwa na shahidi muhimu kwa wakati mmoja. Tafuta wakili wako mwenyewe, kwa sababu wa kampuni anailinda kampuni. Ukiambiwa uandike maelezo kwamba lori lilikuwa zima huku ulisharipoti ubovu, usiandike.

Na wewe ambaye bado hujapata ajali, sheria za nchi nyingi zinakutaka usiendeshe lori unalojua ni hatari. Kwamba bosi alikulazimisha hupunguza lawama yako, haiiondoi yote. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 1982 inamlinda dereva asifukuzwe kwa kukataa kuendesha gari lisilo salama, na malalamiko hupelekwa ndani ya siku 180. Popote ulipo, ripoti ubovu kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Utaje kifaa, upande na tarehe: "breki ya nyuma kushoto ya tela haishiki" ina nguvu kuliko "gari haiko sawa." Kabla ya kukabidhi fomu, ipige picha ikiwa na sahihi ya aliyeipokea, na nakala ikae kwa ndugu yako, mahali ambapo hakuna mtu wa ofisini anayeweza kuifikia.